Funga, Alisema Mama

Pazia nililitundika mimi. Sikuagiza fundi mwingine, sikushikiwa kisu shingoni. Nilipanda ngazi kwa miguu yangu mwenyewe, nikatoboa ukuta kwa drili yangu, nikashuka, nikarudi nyuma hatua tatu kutazama kazi, na nikajisifu. Kwa hiyo anayetaka kunihukumu kwa lile pazia asihangaike kutafuta mashahidi. Shahidi ni mimi.

Mama alikuwa amebakiwa na ombi moja tu duniani. Sisi wanawe wawili, wenye masikio manne mazima, tukamfanyia kinyume chake.

Kiharusi kilimpiga akiwa kwenye cherehani. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na nusu ya mdomo. Maneno nayo yakawa yanatoka kama maji ya bomba siku ya mgao: unasikia mkoromo, unasubiri, kisha tone. Siku njema alipata maneno matatu. Siku mbaya hakupata kitu, ni macho tu. Tukamlaza chumba cha mbele kwa sababu ndicho chenye mlango mpana wa kupitisha kitanda cha hospitali. Dirisha la chumba hicho ni kubwa, linatazama kichochoro ambacho mtaa mzima hupita kwenda sokoni.

Nyumba ni ya mama. Aliijenga kwa mapazia ya watu. Lakini tangu augue ikaanza kuitwa nyumba ya Mkuu, na Mkuu hakumsahihisha mtu. Mkuu ni kaka yangu. Ni mwalimu mkuu wa shule, na cheo kimemganda hata nyumbani. Mkewe naye humwita Mkuu, sijui wakiwa wawili inakuwaje.

Mimi ni kitinda mimba. Mama aliniita Mkasi kwa sababu ya mdomo wangu. Nilikaa chuo miaka mitatu, nikatoka na stashahada ya ukatibu iliyotiwa fremu, nikatafuta ofisi ya kuingia nayo, sikuipata, nikarudi karakana kwa mama kukata vitambaa. Alipougua, karakana nikaishika mimi.

Kaka alinipigia simu Jumatano, saa za kazi.

"Mkasi, mama ana shida na dirisha."

"Shida gani?"

"Ananyoosha mkono, anasema funga. Tangu juzi ni funga, funga. Blaindi zimeshuka mpaka chini, bado funga. Vibamba tumevibana, bado funga."

Dirisha lile lilikuwa na blaindi za miaka mingi, vile vibamba vyembamba vya bati vinavyolaliana. Ukivuta kamba vinapanda vyote na kujikusanya juu, ukiiachia vinateremka.

"Ni mwanga," kaka akaendelea. "Unapenya katikati ya vibamba, unampiga machoni."

Nyuma yake nikamsikia wifi: "Mwambie na watu wanamchungulia!"

"Wifi yako anasema..."

"Nimemsikia. Hata waliozikwa wamemsikia."

"Acha mdomo. Tunataka pazia juu ya blaindi. Zito, lisilopitisha kitu."

"Blaindi nizitoe?"

"Usiziguse. Fremu imeoza, ukitoa skrubu moja dirisha zima linakufuata. Funga juu yake."

Funga. Kaka kasema funga, mama kasema funga, na wateja wangu wote husema hivyo hivyo: njoo unifungie mapazia. Mlango unafungwa, dirisha linafungwa, pazia linafungwa. Kuna nini hapo cha kuuliza?

Nilifika Jumamosi asubuhi, ngazi begani. Mama akanitazama, akalitazama dirisha, kisha akanitazama tena, kama mtu ambaye nyumba yake inaungua na ameliona gari la zimamoto likikata kona.

"Funga," akasema.

"Ndiyo, mama. Ndicho kilichonileta."

Akafumba macho, akatoa pumzi ndefu. Chozi likamtoka kwenye jicho lile zima.

"Umeona?" wifi akaninong'oneza. "Anavyofurahi."

Nikapima. Anayetundika pazia juu ya blaindi hapimi dirisha, anapima nje ya dirisha: kiganja kimoja juu ya fremu, sentimita ishirini kila upande, ili mwanga usipate mwanya wa kuibia. Vishikio vya bomba la pazia lazima viwe virefu, vitokeze ukutani kuzipita blaindi, la sivyo vibamba vitakuwa vinakwaruza kitambaa kila upepo ukivuma. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya udongo, nikakitia bitana nyeusi nyuma. Marinda niliyahesabu yalingane kushoto na kulia. Nikiwa juu ya ngazi niliona kando ya fremu matundu mawili ya skrubu, matupu, na karibu yake mchubuko mweupe ukutani, pale kitanda kilipogonga siku kilipoingizwa. Kulikuwa na kitu hapo, kikang'oka. Sikujiuliza ni kitu gani. Pazia lilikuwa linakwenda kupafunika.

Bomba lilipokaa juu ya vishikio mama alianza kupiga godoro kwa mkono wa kushoto.

"Funga!"

"Nafunga, mama, subiri kidogo."

"Funga! Funga!"

"Mama naye," wifi akacheka. "Kiharusi kimemvua kila kitu, usimamizi kimemwachia."

Tukacheka wote. Kaka alikuwa mlangoni, mikono nyuma kama yuko kwenye paredi ya shule, naye akacheka. Nikalivuta pazia, ringi zikateleza vizuri, chumba kikazama gizani. Wifi akawasha taa.

Mama akanyamaza.

"Unaona sasa," kaka akasema. "Ni hilo tu alilokuwa analitaka."

Ndipo niliporudi nyuma zile hatua tatu.

Baada ya hapo nilikuwa nakwenda kila Jumapili. Wiki ya kwanza mama aliendelea kusema funga, kwa sauti ndogo, bila kunyoosha mkono. Wiki ya pili alisema mara moja. Wiki ya tatu hakusema. Tukapongezana. Wifi akaniambia mgonjwa sasa ametulia, hasumbui, analala mchana kutwa, na kwamba laiti tungelitundika mapema.

Sitamnyima wifi haki yake. Dada mmoja wa kuajiriwa, aliyemuuguza mama miezi ya mwanzo, alikuwa ameolewa na kuondoka, na tangu hapo kazi yote ilimwangukia wifi. Alimgeuza mama kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, alimwogesha, alimlisha kwa kijiko. Mama hakuwahi kulala mchafu hata siku moja. Alikuwa msafi, mtulivu, na alikuwa anapotea. Taa iliwaka asubuhi mpaka jioni. Chumba kilinuka dawa ya kuchua na pumzi ya mtu mmoja. Nikimwambia ni Jumapili alinitazama kama nimemtajia mji asioujua. Mwezi wa pili akaanza kukataa kijiko. Alikuwa analala uso ukielekea ukutani, na wifi akimgeuzia upande wa dirisha, uso ulirudi ukutani.

Upande wa pili wa kichochoro, hatua kumi kutoka dirishani, anakaa fundi viatu. Yeye na mama wametukanana kwa mapenzi tangu sijazaliwa. Yeye alimwita mama Bi Kiraka, mama alimwita yeye Gundi. Jumapili ya saba nilipokuwa napita aliweka nyundo chini akasimama. Hajawahi kuniinukia. Akanipa mkono.

"Pole sana, binti yangu. Nimeumia. Lakini zaidi nimeumia kwamba hamkuniambia."

"Pole ya nini?"

"Ya mama yako."

"Mama yupo."

Akauachia mkono wangu. "Yupo wapi?"

"Ndani, kitandani."

"Basi ule ukuta wa nguo ni wa nini?"

"Mwanga unamuumiza."

"Mwanga? Unamuumiza Bi Kiraka?" Akakaa taratibu kwenye kigoda chake. "Nikwambie kitu. Yule dada aliyekuwa akimuuguza, kila asubuhi alikuwa anazipandisha zile bati. Mimi nagonga nyundo mara mbili, mama yako ananyanyua mkono wa kushoto. Siku akiamka vibaya ananitolea ulimi. Mdomo umekwenda upande, lakini ulimi unatoka umenyooka kama rula! Sasa mtu anayeumizwa na mwanga anapata wapi nguvu za kunitukana?"

"Alisema mwenyewe. Alisema funga."

Akakuna kidevu. "Kama kasema, kasema. Mimi ni wa viatu."

Nilimfikishia kaka maneno yale siku hiyo hiyo, tukiwa sebuleni.

"Gundi naye amekuwa daktari?" akaniuliza.

"Anasema alikuwa anamwona kila asubuhi, na mama alikuwa..."

"Hapo hapo ndipo penye tatizo, Mkasi. Anamwona. Kila mwenye ndizi zake kichwani anamwona. Mdomo umepinda, udenda unamtoka, wanafunzi wangu wanapita hapo wakitoka shule. Mama yangu si sinema."

Mama yangu, alisema, kana kwamba mimi niliokotwa kwenye kikapu cha vipande.

"Na hata hivyo," akamalizia, "si mimi niliyeamua. Ni mama. Ulikuwepo."

Nilikuwepo. Hilo liliniziba mdomo, na mimi si mtu wa kuzibwa mdomo.

Jumanne ya wiki ya tisa tulikuwa na kazi kwenye ofisi moja, ghorofa ya pili, mimi na Bi Upindo. Bi Upindo alifanya kazi na mama miaka ishirini na sita. Anaitwa hivyo kwa sababu hakuna mtu anayeshona upindo ulionyooka kama wake, ingawa miwani yake imeshikiliwa na uzi. Ofisi ile ilitaka kile kile alichotaka kaka: mapazia juu ya blaindi kuukuu. Blaindi za zamani zina meno ya chuma kule juu yanayoibana kamba. Meno yakilika, kamba haishiki tena. Ukizipandisha lazima uizungushe kamba kwenye ndoano ya ukutani, ama sivyo zinateremka zenyewe kwa uzito wake.

Bi Upindo alikuwa juu ya ngazi, mimi chini nimevuta kamba, blaindi zimepanda ili aone pa kutoboa.

"Funga!" akasema.

Mkono wangu ukaizungusha kamba kwenye ndoano mara tatu, kwa mtindo wa namba nane, ukaachia. Blaindi zikabaki juu. Mwanga ukafurika mezani, karani mmoja akaguna.

Niliutazama mkono wangu kama mkono wa mtu mwingine aliousahau pale.

"Bi Upindo, umesema nini?"

"Nimesema funga. Nawe umefunga. Unataka nikupigie makofi?"

"Nimefunga nini?"

"Kamba, we mtoto! Kwani kwetu kuna kufunga gani kwingine? Dirisha linavalishwa, pazia linalazwa, kamba ndiyo inayofungwa. Au chuo kilikunyang'anya na hilo?"

Chuo hakikuninyang'anya. Niliacha mwenyewe.

Zamani, nikiwa mdogo, mama alikuwa juu ya ngazi nyumbani kwa mteja, akamwambia msaidizi wake funga. Alimaanisha kamba. Yule msaidizi akadhani pazia, akalivuta kwa nguvu, bomba likachomoka na kumshukia mama kichwani. Kovu analo, au alikuwa nalo, juu ya nyusi. Tangu siku hiyo mama aligawa maneno kama anavyogawa kitambaa, kila kazi na kipande chake. Kutundika pazia, kwetu, ni kuvalisha. Kulivuta lizibe mwanga ni kulaza. Kufunga ni kamba, basi, na aliyelitumia neno hilo kwa kitu kingine alipigwa rula ya mbao kwenye vidole. Mimi nilipigwa. Nimekulia ndani ya maneno hayo. Kisha nikarudi kutoka chuoni, nikamwambia mteja wangu wa kwanza kwamba nitakuja Ijumaa kumvalishia dirisha, mteja akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikaona haya. Kuanzia hapo nikasema kama wanavyosema wengine. Mama alipougua, maneno yake nikayaacha yafe karakanani mwake mwenyewe.

Kwa hiyo kwa mama, funga ilikuwa zipandishe, uzishikize, zikae juu. Funga ilikuwa nipe dirisha.

Na yale matundu mawili ukutani! Hapo ndipo ilipokuwa ndoano. Kitanda kiliing'oa siku kilipoingia. Yule dada bila shaka alikuwa na hila yake, kama ya kuibana kamba chini ya mguu wa kitanda. Alipoondoka hakumwachia mtu hila yake, na blaindi zikawa zinateremka, kila siku, mbele ya macho ya fundi ambaye hawezi kunyanyuka kwenda kuzishikiza. Akafanya alichobakiwa nacho. Akatoa maelekezo. Na bintiye alipofika na ngazi begani akalia kwa furaha, kwa sababu hatimaye amekuja mtu anayejua kazi.

Nami nikamwambia: Nafunga, mama.

"Mbona umekaa chini?" Bi Upindo akauliza kutoka juu. "Sakafu hiyo ina vumbi."

Nilimwacha na ngazi, drili na wale makarani.

Nyumbani nilikuta viatu vingi mlangoni. Walimu sita wa shule ya kaka walikuwa wamekuja kumjulia hali mgonjwa, wamekaa sebuleni na soda mkononi, na kaka amesimama katikati yao akieleza kwamba mama anaendelea vizuri, Mungu ni mwema. Wifi akainuka na trei.

"Karibu, wifi. Kwani leo Jumapili?"

Nikampita. Nikaingia chumbani, nikalishika pazia kwa mikono miwili, pale kwenye marinda yangu yaliyolingana, nikaning'inia. Kishikio cha kulia kiling'oka na donge la plasta kubwa kama mkate. Cha kushoto kilifuata. Bomba likapiga kabati, ringi zikatawanyika chini ya kitanda, vumbi likasimama hewani. Nikaivuta kamba, blaindi zikapanda kwa kelele zote za bati, nikaifunga kwenye nondo ya dirisha, namba nane, mara tatu.

Mwanga ukaingia. Sijui nilitegemea nini.

"Mama," nikasema. "Nimefunga."

Uso wake ulikuwa ukutani. Nikapiga magoti upande ule, kwenye upenyo mdogo kati ya kitanda na ukuta, nikamtazama. Macho yalikuwa wazi. Yalinipita, yakaendelea kutazama mahali pale pale yalipokuwa yakitazama.

"Nisamehe, mama. Ni mimi niliyelisahau neno. Si wewe uliyekosea kulisema. Ulilisema sawasawa. Kila mara ulilisema sawasawa."

Huko nje nikasikia nyundo. Mara mbili. Kimya. Kisha mara mbili tena.

Mkono wa kushoto haukunyanyuka. Ulisogea kidogo tu juu ya shuka, vidole vikitangulia, mpaka ukafika pale mwanga ulipoangukia. Ukalala hapo. Kichwa hakikugeuka.

"Una wazimu?"

Kaka alikuwa mlangoni, na nyuma ya mabega yake vichwa vya walimu.

"Alikuwa anataka zipandishwe," nikasema. "Kufunga ni kamba. Kwa mama kufunga ni kamba! Tumemtia gizani wiki tisa, na alikuwa anatuomba dirisha."

"Mkasi, kuna wageni."

"Waingie basi, waone! Si mnawaambia anaendelea vizuri? Mmemzika mzima. Kaburi nimelichimba mimi, ninyi mkafukia, na huyu," nikamwonyesha wifi, kwa kidole, nakiri, "huyu akaja kila baada ya saa mbili kuigeuza maiti."

Trei ikaanguka. Wifi akaondoka akilia. Walimu wakaanza kutafuta viatu vyao, kila mmoja akijifanya ana simu ya kupokea. Kaka hakupandisha sauti. Sauti yake ya kutisha ni ile ya chini, ndiyo anayotumia shuleni.

"Toka. Usirudi humu mpaka ujue namna ya kuomba radhi."

Nikampigia Bi Upindo simu pale pale kichochoroni, nikamwambia ampigie kaka amweleze yeye, kama mtu mzima, kwa sababu mimi hatanisikiliza. Akampigia. Akamweleza maneno yote matatu, kuvalisha, kulaza, kufunga, na kisa cha bomba na kovu. Kaka akamshukuru kwa adabu, akakata simu.

Kesho yake fundi viatu akanijulisha kwamba amekuja fundi mwingine. Ameziba matundu kwa saruji na kutundika pazia lile lile, rangi ya udongo, bitana nyeusi. Nikaenda. Mlango ulikuwa na komeo. Nikagonga mpaka kiganja kikavimba, na wifi akajibu kutoka ndani kwamba Mkuu amekataza, kwamba ule mwanga wa ghafla umemshtua mama, hajameza kitu tangu jana. Nikazunguka mpaka dirishani. Nilichokiona kupitia kioo kilikuwa vibamba vilivyoshuka, na nyuma yake weusi wa kushonwa na mimi mwenyewe. Niligonga kioo mara mbili.

Mama alifariki Jumamosi, saa nne asubuhi, jua limekwisha kuwa kali, taa inawaka.

Siku ya tatu baada ya maziko ndugu wakatukalisha. Sebule ile ile, viti vile vile. Aliyeongoza alikuwa mjomba, mdogo wake mama, mstaafu wa reli, mtu mpole ambaye maisha yake yote amefanya kazi ya kuhakikisha magari mawili hayakutani kwenye njia moja. Alitukalisha mimi na kaka tukitazamana. Wifi alikaa pembeni, macho yamevimba.

Kaka akapewa nafasi ya kwanza.

"Mimi sikusomea mapazia," akasema. "Nililisikia lile neno kama anavyolisikia mtu yeyote mwenye akili timamu. Fundi ni yeye. Aliyefundishwa na mama ni yeye. Kama kuna mtu aliyepaswa kujua, ni nani?"

Hapo alinipata, na sikujikinga. "Ni mimi," nikasema. "Hilo nimeshamwambia mama."

"Basi kama unajua, omba radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa kunivua nguo mbele ya walimu wangu. Kwa kumwita mke wangu mgeuza maiti, yeye aliyemhudumia mama kuliko wewe. Kwa ukuta. Na kwa ule mshtuko uliommaliza."

"Wifi," nikasema, na nikamgeukia, "mikono yako ilimtunza mama. Hilo nitalisema popote." Akainua uso. Nikamgeukia kaka. "Sasa nikuulize jambo moja. Mpaka Jumanne mchana ulikuwa hujui, kama mimi. Jumanne jioni ulijua. Bi Upindo alikueleza. Jumatano ukamwita fundi. Ulimwita akatundike nini?"

Kaka alitazama saa yake. Haikuwa imesimama, nilisikia inavyogonga.

"Mkuu?" mjomba akasema.

"Ofisa elimu alikuwa anakuja Alhamisi," kaka akasema. "Kumjulia hali. Chumba kilikuwa hakitazamiki, ukuta umebomoka, na mama... ningemwonyesha nini?"

Wifi alimtazama mumewe kwa muda, kisha akainamisha kichwa na kuanza kukunja upindo wa kitenge chake, akiukunja na kuukunjua.

Mjomba akapangusa paji la uso kwa leso. Alikuwa amechoka, na alikuwa anatupenda wote wawili, na niliona anavyotafuta njia ya kulipitisha gari moja kwanza.

"Mpwa wangu," akaniambia. "Kila mtu ana lake hapa, nimesikia. Lakini yeye ni mkubwa wako, na wewe ndiye uliyepaza sauti. Marehemu amepumzika. Sisi tunataka kula, tutawanyike, tubaki ndugu. Sikuombi hotuba. Neno moja tu. Sema samahani."

"Sisemi," nikasema.